Mto Uko Korogwe, Kiu Iko Handeni

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Barabara hii ilijengwa enzi za Rais Kikwete, pamoja na kipande cha kilomita 54 kinachotoka Handeni kwenda Mkata, na anayeipita leo hawezi kukisia adha ya waliotangulia, hasa wakati wa masika, udongo mwekundu unapogeuka utelezi na lori likakwama hadi jua liukaushe. Safari yenyewe ni fupi. Lakini ndani ya ufupi huo unatoka kwenye bonde la mto Pangani, ambao wenyeji wanauita Ruvu, ukapanda hadi kwenye nyanda za Uzigua, ambako watu wakishaamkiana asubuhi hawakai sana kabla ya kuulizana kama bomba limetoa maji.

Nilipandia stendi ya Korogwe. Mbele yangu alikaa mama mmoja aliyepakia matenga ya nyanya, na pembeni yake mzee wa Sindeni aliyekuwa anarudi kutoka kumwona mgonjwa hospitali ya Magunga. Gari lilikuwa bado halijajaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyanya zote hizo unatupelekea sisi?"

"Nawapelekea, mzee wangu. Nyanya inataka maji, na nyie maji hamna."

"Tutazila. Ila ugali mnaokula hapa Korogwe nao mjue unga wake umetoka wapi. Mahindi yanashuka kutoka kwetu."

"Yanashuka mwaka wa mvua, mzee. Mwaka wa jua yanapanda kutoka kwetu."

Gari zima likacheka, mzee naye akacheka, lakini niliona alivyoshika mkongojo wake. Mimi ni wa Muheza, nimelelewa na utani wa namna hii. Sisi Wabondei, Washambaa na Wazigua tunaitana Boshazi, tunaoleana, tunazikana, na tunasemana. Utani wa Handeni na Korogwe lakini una kitu cha ziada ndani yake. Una hesabu ya zamani ambayo haijafungwa, na kila upande unaamini kuwa ndio unaodai.

Hesabu hiyo haikuanza kama watu wengi wanavyodhani. Ukiuona mji wa Korogwe leo, na reli yake, mabasi ya Arusha na Moshi yakisimama abiria wale, benki, vyuo, makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Tanga, utafikiri ulizaliwa mkubwa na Handeni ikazaliwa mdogo. Katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume kabisa. Korogwe ya wakati ule ilikuwa kijiji kisiwani, katikati ya mto. Waliokaa humo ni Waruvu, Wazigua wa mtoni, waliochagua visiwa kama kile na kile cha Maurui kwa sababu maji yaliwakinga na wavamizi wa nyikani. Nguvu haikuwa mtoni. Ilikuwa juu milimani, Vugha, kwa wafalme wa Kikilindi, na baadaye ikawa nyikani kwa Wazigua.

Na hata wafalme wale wa Usambara asili yao ilikuwa upande wa Handeni. Mbegha, mwindaji aliyeanzisha ukoo wa Wakilindi, alitoka milima ya Nguu, nchi ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni kabla ya kumegwa kuwa wilaya ya Kilindi. Kitukuu cha ukoo wake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka milimani hadi kukaribia bahari, na mmisionari Krapf alipofika kwake mwaka 1848 alikuta mfalme anayeogopwa. Lakini chini ya milima, Wazigua walikuwa wameshaanza kupata bunduki. Walikuwa karibu na bandari za Saadani na Pangani, wakauza pembe na, ni lazima tuseme, wakauza watu pia. Washambaa wa bondeni wakawa wanaishi kwa kuangalia kusini. Hata Wajerumani walipokuja, Mzigua mmoja, Bwana Heri wa Saadani, aliwasumbua kwa miezi mingi, akasalimu amri mwaka 1890.

Ninayaeleza haya kwa sababu kijana wa Korogwe anayemtania mwenzake wa Handeni kuwa anatoka porini hajui kwamba ardhi anayoikanyaga iliwahi kuitikia sauti ya huko porini.

Kilichogeuza mizani ni reli. Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi, na treni ikaingia Korogwe mwaka 1902. Mwaka 1905 ilikuwa Mombo, mwaka 1911 ikafika Moshi. Wapimaji waliifuata njia iliyo rahisi, wakakaa na bonde la mto chini ya ukuta wa Usambara. Hakuna aliyekaa akaamua kuwa Handeni ibaki nyuma. Ilibaki tu upande wa pili wa mto, na reli haikuvuka.

Mwaka uleule wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa, iliyofika hai ni 62. Kutoka kwenye hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyolijaza bonde lote: Ngombezi, Magunga, Hale, Mwelya, Mazinde na mengine mengi. Mkonge ulitaka reli ya kuupeleka Tanga na ulitaka mikono ya kuukata, na mikono haikutosha. Wakaletwa manamba kutoka Kigoma, kutoka Urundi, kutoka Msumbiji. Kuanzia miaka ya 1940 kazi ya kuwakusanya ilifanywa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Wajukuu wa watu hao ndio Korogwe ya leo. Ukikaa Manundu nusu saa utasikia majina ya Kiha, ya Kimakonde, ya Kinyamwezi, yote yakisemwa kwa Kiswahili cha Tanga. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hatujakifikia tena, na sehemu kubwa ilipita kwenye reli hii.

Na Handeni? Miaka hiyohiyo ya 1890, wakati reli inasogea, Uzigua ulipigwa na nzige, ukame na sotoka. Ng'ombe wakafa. Watu wakahama, mashamba yakarudi kuwa vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o akazuia ng'ombe kurudi. Ukoloni ukaongeza kodi juu ya njaa, kwa hiyo vijana wakavuka mto kwenda kutafuta shilingi kwenye mkonge, wakati shamba la nyumbani lilihitaji jembe lao. Mwanahistoria James Giblin ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili, na hoja yake inanikaa moyoni: Wazigua walikuwa na mfumo wao wa kuishi na ukame, wa akiba, wa wakubwa wenye chakula kuwalisha wanaowafuata, na mfumo huo ulivunjwa. Ukame ulikuwepo tangu zamani. Kukosa pa kukimbilia ndiko kulikuja baadaye.

Mara moja tu Handeni ilipata reli, na ilikuwa ya vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walichukua reli nyepesi za mashambani wakazilaza kutoka Mombo hadi Handeni, na vigari vikasukumwa kwa mikono ya watu vikibeba chakula na risasi kuelekea kusini. Katikati ya Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliichukua Korogwe, siku chache baadaye Handeni. Vita ikaendelea kwenda Morogoro, vigari vikaisha kazi. Reli ya Tanga ikabaki na Korogwe, na hata ilipounganishwa na Reli ya Kati mwaka 1963, kiungo kilitoka Mnyusi kwenda stesheni ya Ruvu ya Pwani, mbali na mji wa Handeni.

Gari liliondoka Korogwe likavuka mto. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa nguvu, na mzee wa Sindeni aligeuza shingo kuyaangalia hadi yakapotea. Mama wa nyanya alikuwa amesinzia. Baada ya hapo nchi inabadilika polepole: milima ya Usambara inabaki nyuma na mawingu yake, miti inakuwa mifupi, magunia ya mkaa yanaanza kusimama kando ya lami. Watoto wanasukuma baiskeli zenye madumu ya njano, mawili kila upande na moja juu. Sindeni mzee akashuka, tukaagana. Misima tukapita bila kusimama.

Handeni yenyewe, ambayo wakongwe bado wanaiita Chanika, ni mji mkubwa kuliko sifa yake. Katika sensa ya mwaka 2012 Halmashauri ya Mji wa Handeni ilikuwa na watu 79,056, na ya Mji wa Korogwe watu 68,308. Nilimwambia hivyo kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi, naye akafurahi kana kwamba timu yake imefunga bao. "Kumbe! Hao wanatudharau bure, kaka."

Alinipeleka Kideleko, nikaona misheni, kisha tukazunguka mitaani. Kila nyumba ya bati ina mfereji wa kukinga mvua, na chini ya mfereji kuna tangi, au pipa, au ndoo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho kile nilichokijua kwa kusoma. Handeni inakunywa maji ya Korogwe. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga mradi mkubwa ambao kila mtu hapa anaujua kwa herufi tatu, HTM. Maji yanachotwa mto Pangani upande wa Korogwe, yanasukumwa kwa pampu za umeme kupanda nyanda, yanapita vijiji vingi, na kinachobaki ndicho kinachofika mjini. Pampu ikiharibika, mji unakauka. Umeme ukikatika, mji unakauka. Bomba lilizeeka, idadi ya watu ikaongezeka, na vijiji vya njiani navyo vina haki ya kunywa.

Bibi mmoja wa Vibaoni alinikaribisha kwenye mkeka na kunipa kikombe cha maji kabla sijaomba. Nilisita kukipokea, akaniona.

"Kunywa, mjukuu wangu. Mgeni hanyimwi maji. Tulikuwa tunayafuata lamboni usiku, tunalala foleni, na mgeni akija alipewa."

Alinisimulia jinsi alivyoolewa kutoka kijiji cha kando ya Ruvu, na jinsi ndugu zake walivyomlilia kwa sababu anakwenda kwenye nchi ya kiu. Miaka ya mwanzo kila akirudi kwao alirudi na dumu. Sasa bomba lipo uani, linatoka siku likitaka. Hakuwa na chuki na Korogwe hata kidogo. Alichokuwa nacho ni msimamo: mto ule ulikuwa wa babu zake Wazigua kabla haujawa na mji, kwa hiyo haombi maji ya mtu. Na mimi nakubaliana naye. Ninaposikia watu wakisema Handeni inasaidiwa maji na Korogwe, naona neno hilo limekaa vibaya. Mto hauna halmashauri. Unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya Hale iliyowashwa mwaka 1964 na ile ya Pangani ya mwaka 1995, unaingia baharini. Korogwe imeukuta pale kama Handeni ilivyoukosa.

Kuna jina lingine baya ambalo Handeni imebebeshwa, la uganga. Ukitaja Handeni Dar es Salaam, mtu anakuuliza kama umekwenda kuaguliwa. Waganga wapo, na wengi wao wana elimu ya miti ambayo ingestahili kuandikwa kabla haijazikwa nao. Lakini mganga aliyejulikana kuliko wote katika siasa za mkoa wetu, marehemu Stephen Ngonyani, Profesa Majimarefu, alikuwa mbunge wa Korogwe Vijijini hadi alipofariki mwaka 2018. Hakuna anayeiita Korogwe nchi ya waganga. Mji wenye reli unajulikana kwa reli. Mji usio nayo unapewa sifa na wapita njia.

Jambo lililonigusa kuliko yote sikulitarajia. Katika wilaya hii kuna makazi ya Chogo, yaliyofunguliwa mwaka 2003 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia. Wakimbizi hao ni Wazigua. Babu zao walichukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19, wengi wakiwa wamekimbia njaa kubwa ya miaka ya 1830, wakiahidiwa kazi na chakula, wakaishia utumwani katika bonde la mto Juba. Walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao, wakalima, na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowatawanya, baadhi walipanda majahazi kuja Tanzania, wakiuliza njia ya Uzigua. Maelfu ya wenzao walipelekwa Marekani. Waliofika hapa walipewa ardhi, na wengi wamekuwa raia.

Mzee niliyezungumza naye mjini, mwalimu mstaafu, alikuwepo walipofika. Anasema alikwenda kuwaona kwa udadisi, akamwamkia bibi mmoja kwa Kizigua, naye akamjibu kwa Kizigua cha zamani, maneno ambayo yeye aliyasikia kwa nyanya yake tu. "Nililia, mwanangu," aliniambia, na akanyamaza kidogo. "Hawa ndio walioondoka kwa sababu ya maji. Wamerudi, na maji bado tunayatafuta."

Ndiyo maana utani wa stendi ya Korogwe haunichekeshi tena kama zamani. Kwa mtu wa Korogwe ni mzaha wa nyanya na mahindi. Kwa mtu wa Handeni unagusa njaa iliyopeleka ukoo mzima Juba.

Lakini mizani inasogea tena, na safari hii si reli inayoisogeza. Mradi wa maji wa miji 28, unaojengwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, umezijumuisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani katika kazi moja, na kazi kubwa ya chanzo iko Mswaha, upande wa Korogwe. Maana yake ni kwamba kwa mara ya kwanza miji hii miwili inasubiri bomba moja, na Korogwe yenyewe, iliyokaa juu ya mto, nayo imo kwenye orodha ya wenye shida ya maji. Hilo mama wa nyanya hakulitaja.

Njia nazo zinabadilika. Halmashauri ya Wilaya ya Handeni imehamishia makao yake Mkata, kwenye barabara kuu, na Segera, njia panda ambayo wasafiri wote wanadhani ni ya Korogwe, iko wilaya ya Handeni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, linapita nchi hii. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia za Kimaasai zilizotoka Ngorongoro, jambo lenye mjadala mkali na machungu yake, na kila familia iliyokuja na mifugo imekuja pia na hitaji la maji. Korogwe nayo imerudishiwa treni ya abiria: mwaka 2019 ilianza tena kwenda Moshi, mwaka 2020 ikafika Arusha, baada ya reli kulala kwa miaka mingi.

Kinachozungumzwa zaidi mjini Handeni ni barabara ya kwenda Singida kupitia Kiberashi na Kibaya, kilomita 460, ambayo vipande vyake vya kwanza vimeanza kujengwa. Asubuhi nilipokwenda stendi kupanda gari la Kiberashi, niliwakuta wapiga debe wawili wakibishana juu yake. Mmoja alisema barabara ikikamilika, malori ya alizeti na vitunguu kutoka Singida yatapita Handeni, yatashuka Mkata, yataingia bandari ya Tanga bila kuigusa Korogwe. Mwenzake akamwambia dereva mwenye akili atashukia Korogwe, ndiko njia fupi na ndiko kwenye hoteli na gereji.

"Gereji tutajenga hapa," alisema wa kwanza.

"Na gari utalioshea nini?"

Dereva wetu akawasha gari, akatoa kichwa dirishani, akasema yeye atapita Korogwe mpaka siku Handeni itakapokuwa na maji ya kutosha kuoshea lori. Wakamgeukia yeye wote wawili, na konda akagonga bodi tuondoke.